Mdomo Ulipopoa

Kwetu Tabora ukitoka nje na mdomo uliovimba, hakuna anayekuuliza umefanya nini. Watu wanakwambia pole, nyuki hao, halafu wanaendelea na shughuli zao. Asali ni yetu na nyuki ni wetu, kwa hiyo kila nyumba ina mtu aliyewahi kuamka na jicho lililofumba au sikio kama andazi. Asubuhi ile nilipotoka chumbani na mdomo wangu mpya, mama alikuwa uani anapepeta mchele. Akaniangalia, akaweka ungo chini.

"Nyuki?"

Nikainamisha kichwa, ndiyo. Kuinamisha kichwa tu, na hilo likanipotezea siku nzima ambayo sikuwa na ruhusa ya kuipoteza.

Mimi ni mpambaji wa maharusi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mkono wangu wa wanja haujawahi kulalamikiwa na mtu. Nina kichumba karibu na soko, kiti kimoja na kioo kimoja, na ndoto ambazo hazienei humo. Kila nikilala huwa najenga saluni kichwani. Ina madirisha makubwa ya vioo, na maharusi wanakuja kwa treni kutoka Bukene na shangazi zao, wanakaa kwenye mstari wa viti vya rangi ya maziwa. Huwa napanga viti hivyo kimoja kimoja mpaka usingizi unanichukua.

Mdomo wangu wa juu ulikuwa mwembamba. Nimeurithi kwa baba, ila yeye anauficha kwa masharubu. Siku moja nilikuwa nampaka rangi bi harusi mmoja mchangamfu, akajitazama kwenye kioo, akaniambia, "Dada, midomo ya wenzio unaichora kama ya malkia. Wako umeusahau nyumbani?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Lakini walipoondoka nilikaa mwenyewe mbele ya kile kioo nikajitazama muda mrefu.

Nzega kuna fedha ya dhahabu, na penye dhahabu mambo ya urembo hutangulia kufika kabla hayajafika kwetu. Nilikuwa nimemwona kwenye simu dada mmoja wa huko anayejaza watu midomo kwa sindano, kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Wateja wake wote walikuwa wanatabasamu. Nikaaga nyumbani kwamba nafuata vitambaa vya mapambo, nikapanda basi.

Alinilaza kwenye kitanda cha kuchulia miguu, akanipaka dawa ya ganzi, akaanza kudunga huku anatafuna bablish na kunisimulia visa vya mchumba wake. Nilicheka, maana visa vilikuwa vizuri. Pale juu upande wa kushoto sindano ilipoingia, maumivu yalikimbia mpaka puani kama umeme. Nikamshika mkono.

"Tulia mrembo, ganzi haijakolea."

Nikatulia. Aliponipa kioo, siwezi kudanganya, niliupenda. Ulikuwa umejaa, umeinuka kidogo katikati, mdomo wa mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana. Kwenye basi la kurudi nilijifunika mtandio, na chini ya mtandio nilikuwa natabasamu hadi panauma.

Sasa turudi uani. Mama alinikalisha kwenye kigoda, akanielekeza uso juani, akaanza kutafuta mwiba wa nyuki kwa ncha ya sindano ya kushonea. Alitafuta kwa bidii, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Siuoni. Umezama huu."

Akachemsha maji, akatia chumvi, akanikanda kwa kitambaa cha moto. Mimi kwa siri nilikuwa nimemwandikia yule dada wa Nzega kwamba upande mmoja umepauka na unavuta. Akanijibu, kawaida hiyo, weka barafu. Basi siku nzima mama ananikanda kwa moto uani, na akigeuka, mimi nazunguka nyuma ya nyumba najikanda kwa barafu ya dukani. Jirani akachungulia juu ya ua. "Nyuki wa baba yako hana adabu, anauma mpaka watoto wa mwenye mzinga." Nikacheka, na kucheka kukaniuma.

Kila nikiangalia kwenye simu palikuwa pamebadilika. Mwanzo palipauka kama jivu. Mchana ikatokea mistari ya rangi ya zambarau, imefumana kama wavu, inapanda kutoka mdomoni kuelekea tundu la pua. Nilijiambia ni kivuli cha simu. Nikahamia sehemu yenye mwanga zaidi, na wavu ukahama na mimi.

Alasiri baba alirudi kutoka porini na baiskeli yake, ananuka moshi. Mama akamwambia nimeumwa. Baba akaja, akaniweka mgongo wa vidole vyake juu ya mdomo, kwanza kulia, halafu kushoto, akakaa hivyo kidogo.

"Hajaumwa huyu."

"Nimemkanda tangu asubuhi, mzee, nimkande nini kama hajaumwa?"

"Nyuki akiuma panachemka. Hapa pamepoa."

Ni neno la kawaida tu, kupoa. Chai inapoa, homa inapoa. Lakini alipolisema kuhusu kipande cha uso wangu, nilishika kigoda kwa mikono miwili. Nikasema yote, haraka haraka, maneno yakigongana kwenye mdomo usiofunga vizuri. Nilitegemea mama apige kelele.

"Umelipa fedha udungwe sindano mdomoni," akasema polepole, kama anayejaribu kulielewa jambo kwa lugha ngeni. "Wewe uliyekimbia chanjo shuleni ukapanda juu ya dawati."

Baba akasema, "Atavaa viatu kwanza. Kusemwa baadaye."

Hospitali tulimkuta daktari kijana. Akanibonyeza mdomo kwa kidole, akaachia, akasubiri wekundu urudi. Kulia ulirudi mara moja. Kushoto alisubiri, na mimi nikasubiri pamoja naye, nikimwangalia macho. Macho yake ndiyo yaliyonitisha.

"Mshipa wa damu umeziba," akasema. "Kile alichokujaza kimeingia mshipani, au kimeukandamiza. Ngozi isiyopata damu inakufa, dada. Inakuwa nyeusi, inabanduka, inaacha kovu."

"Mdomo wote?"

"Sijui itaishia wapi. Kuna dawa ya kukiyeyusha, hapa sina. Mwanza kuna daktari wa ngozi anayo, nitampigia sasa hivi. Barafu acha kabisa, inazidi kuibana mishipa. Yale maji ya moto ya mama ndiyo yamekusaidia kidogo." Mama akajiweka sawa kwenye benchi. "Lakini lazima tujue ulijazwa nini. Kama ni aina inayoyeyuka, sawa. Kama ni mafuta au silikoni, ile dawa haitafanya kitu."

Nikampigia yule dada. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena na tena mpaka baba akaninyang'anya simu kwa upole, akanipa vidonge nilivyoandikiwa nimeze.

Usiku ule sikupanga viti. Nililala chali nikiusikiliza mdomo wangu.

Mnunuzi wa asali ya baba alikuwa anaondoka alfajiri kwenda Mwanza na pikapu yake. Mimi na mama tukabanana naye mbele, mimi katikati. Hatujafika mbali akanitupia jicho.

"Pole binti. Nyuki wa wapi hao wakali hivyo?"

"Siyo nyuki," mama akasema. "Kajidunga urembo."

Yule bwana akabadilisha gia, akakwepa shimo. "Mke wangu anatakaga hiyo," akasema mwishowe.

"Mpige picha huyu, umpelekee."

Wakacheka wote wawili, na mimi katikati yao nikaanza kulia, kwa hiyo wakaacha. Mama akachukua kitambaa, akachovya kwenye chupa ya chai iliyokuwa na maji ya moto, akaendelea kunikanda.

Nzega tulimkuta yule dada mlangoni anamsuka mteja. Aliponiona mikono yake ikabaki hewani na rasta zinaning'inia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," mama akasema. "Ulimdunga nini huyu?"

"Ni ya kawaida tu, ya hospitali kabisa. Wote nawawekea hiyo hiyo, hakuna aliyelalamika..." Akawa anaongea na mama ila macho yako mdomoni kwangu, na sauti ikazidi kupungua mpaka ikakatika. Akaingia ndani, tukamfuata. Akachakura kwenye ndoo ya taka, akatoa boksi dogo lililobonyea. Nilikuja nimejaza maneno ya kumtukana, nimeyapanga njia nzima, na sikuyaona tena. Alikuwa wa umri wangu. Alijifunza kwa kutazama simu, akatuambia hivyo mwenyewe bila kuulizwa.

"Hivi," yule dada akaninong'oneza mama alipotangulia nje, "na mimi nimejiwekea. Itanipata?"

"Sijui," nikamwambia. "Washa simu yako. Na mtu akikwambia pamepauka, usimwambie aweke barafu. Mwambie akimbie."

Nikapiga picha boksi, nikamtumia daktari wa Mwanza kwa namba niliyopewa hospitali. Jibu lilitufikia tukiwa tumeshaipita Shinyanga: maandishi yanasema ni aina inayoyeyuka, lakini maboksi ya bandia ni mengi, njooni tu. Nililisoma mara nyingi, nikitafuta humo ndani neno la kunituliza ambalo labda nililiruka.

Daktari wa Mwanza alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Hakunisema hata kidogo. Akabonyeza, akaachia, akatazama, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano huku anauliza maswali. Una kisukari? Hapana. Una ujauzito? Hapana. Umewahi kuumwa na nyuki?

Mimi na mama tukatazamana.

"Daktari," mama akasema, "hiyo ya nyuki tumeshaimaliza. Siyo nyuki."

"Naelewa. Nauliza kwa sababu dawa hii inafanana na kitu kilichomo ndani ya sumu ya nyuki. Mtu ambaye nyuki humwangusha chini, hii nayo inaweza kumwangusha. Inaweza kumfunga pumzi."

Mama akakaa kitini. Nilijua anachokumbuka, kwa sababu nimesimuliwa tangu utotoni: nilikuwa mdogo, nikaufuata mzinga wa baba, nyuki wakanivaa, na mama akanibeba nimelegea kama kanga mbichi. Hadithi hiyo nyumbani huwa ni ya kuchekesha. Pale kwenye kile chumba haikuchekesha. Nilielewa kwamba naweza kupoteza mdomo nisipodungwa, na nikidungwa naweza kupoteza pumzi, na yote hayo nilijitafutia kwa miguu yangu nikiwa na afya tele. Nilitamani kushuka kitandani nirudi na wavu wangu usoni, uishie utakapoishia.

Mama akampigia baba, akaweka sauti wote tusikie. Daktari mwenyewe akamuuliza siku ile ilikuwaje.

"Walikuwa wengi, daktari. Kwa wingi ule hata ng'ombe angelala."

"Na baada ya hapo ameshaumwa tena?"

"Huyu? Kila msimu. Anaiba masega. Panavimba palipoumwa, kesho yake anaiba tena."

"Alishawahi kukosa pumzi? Kutapika? Mwili mzima kuwasha?"

Baba akaanza kuhesabu misimu kwa sauti ya chini. Ni mtu asiyejibu kitu asichokijua. "Hapana," akasema. "Ningekumbuka."

Daktari akanidunga tone dogo kwenye mkono, akaweka sindano nyingine pembeni ya kuniokoa ikibidi, akasema tusubiri. Mama alishika mkono wangu mwingine. Nililikodolea macho lile tone kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Koo likaniwasha, nikasema koo linaniwasha. Daktari akanisikiliza kifua, akasema hiyo ni hofu. Likaacha kuwasha. Hapakuvimba.

Ndipo akaingia mdomoni. Ile ya Nzega ilikuwa mzaha ukilinganisha. Alidunga, akasugua kwa kidole gumba, akadunga tena, anabonyeza na kuachia. Sikuwa naona kitu zaidi ya miwani yake. Halafu mama, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mayo wane, mama yangu, kanarudi." Ulikuwa wekundu mdogo tu, pembeni, unaokuja kwa kusitasita.

Kesho yake tulirudi kuangaliwa. Wavu ulikuwa umefifia. Karibu na pua kulibaki alama nyeusi ndogo kama punje ya choroko, na daktari akasema hiyo huenda ikabanduka na kuacha kovu, hawezi kuniahidi. Upande wa kushoto mdomo ulikuwa umerudi ule wa baba. Kulia bado ulikuwa umejaa, umeinuka, mzuri kama nilivyouona kwenye kioo cha Nzega.

"Huu wa kulia damu inapita vizuri," akasema. "Hauna hatari kwa sasa. Nikitoe kilichomo, au nikiache, tukuwekee na kushoto siku nyingine, kwa utaratibu?"

Nitasema kweli: nilifikiria. Baada ya yote yale, nilifikiria. Niliwaona maharusi wa Bukene. Nikamgeukia mama anisaidie, nikitumaini atakasirika, nifanye hasira yake ndiyo jibu.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mdomo wako."

Nikajigusa kulia kwa mgongo wa vidole, nikasikia joto. Nikajua kwamba nikiuacha nitakuwa najigusa hivyo kila asubuhi, kabla ya kusalimia watu, maisha yangu yote.

"Toa," nikasema.

Mama akanishika kidevu nisitikisike, na daktari akaanza na upande ule ambao bado nilikuwa naupenda.