Biri za Dakta Ndani ya Kopo la Biskuti

Katika mwaka wa kumi na saba wa kuosha vidonda, miguu yangu ilianza kuvimba. Nilikuwa mtumishi wa chumba cha vidonda katika hospitali ndogo karibu na Chake Chake, na kazi ile haina kiti. Unasimama tangu asubuhi, na mgonjwa wa mwisho akishaondoka unasimama tena kuchemsha vyombo. Ghala ya dawa ilikuwa na kiti na meza. Mtunzaji wake alikaribia kustaafu, nami niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichopata kukitaka.

Dakta wetu, Mzungu, alikuwa akivuta biri, zile nene zilizoviringwa kwa jani tupu la tumbaku, bila karatasi. Alipokwenda likizo kwao mwanzoni mwa masika aliniachia ishirini na nne, zimefungwa katika gazeti, kwa kuwa sanduku lake la biri lilikwisha kuliwa na mchwa.

"Zisikauke, zisiote ukungu," alisema. "Wewe ni mtu wa utaratibu. Nikirudi tutazungumza habari ya ghala."

Sanduku jengine sikuwa na uwezo wa kulinunua. Nilitwaa kopo la biskuti, nikaliosha kwa maji ya moto na kulianika siku tatu hata harufu ya biskuti ikaisha, kisha nikatandika vijiti vya mwanzi ili biri zisigusane na bati. Pembeni niliweka kitambaa kibichi. Siku ya nane biri mbili zikawa na unyoya mweupe. Nikazifuta taratibu, nikaondoa kitambaa, nikaweka makaa baridi yanyonye unyevu. Baada ya siku kumi nyengine, ukibinya biri karibu na sikio unasikia jani linalia kwa ukavu.

Jawabu nililipata jikoni. Chumvi ya mawe hulowa wakati wa mvua, na jua likitoka hukauka. Huchukua maji yakizidi na kuyatoa yakipungua. Nilitia chumvi katika kifuu cha nazi, nikaitoneshea maji mpaka ikawa kama mchanga wa pwani, nikafunika kopo. Tangu hapo biri zilitulia. Ukibonyeza kwa kidole, jani hunepa kisha hurudi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, niliandika katika daftari ulaini wake, rangi yake na harufu yake.

Mke wangu alikuwa akipita na ndoo.

"Mgonjwa wako kaamkaje?"

"Hajambo."

"Na huyu wa miguu?"

"Huyu angali anangoja."

"Basi mwambie huyo wa koponi amwombee mwenziwe."

Mavuno yalipoingia, karafuu za mikarafuu ya mke wangu zilijaa nyumbani kwetu, nyumba ya vyumba viwili. Mbichi tulizichambua barazani, makonyo, vile vijiti vyake, upande mmoja, na kavu tulizitia katika magunia, tukayaegemeza ukutani chini ya rafu yenye kopo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba tumbaku iliyofungiwa yataka kubadilishiwa hewa, kwa hiyo nilifungua kifuniko robo saa kila siku. Kisha nilinusa biri moja moja na kuandika: harufu ya tumbaku. Sikuandika uongo.

Dakta aliporudi nilimpelekea kopo ofisini. Alibonyeza biri, akaiweka sikioni, akatabasamu.

"Laini kabisa. Umefanyaje?"

Nikamweleza habari ya chumvi, na yeye akanisikiliza kama mtu anayejifunza. Kisha akakata ncha, akawasha, akavuta mara mbili, akaitazama.

"Karafuu."

"Bwana Dakta?"

"Inanuka karafuu. Husikii?"

Nilichukua nyengine nikainusa kwa muda mrefu, kama ninavyonusa kidonda nijue kimeoza au la.

"Sisikii kitu, Bwana Dakta. Tumbaku tu."

Alinusa ya tatu, akanusa ya nne. "Zote! Na shati lako, na daftari lako. Kisiwa kizima kinanuka karafuu, na ninyi wenyewe ndio msiojua." Alicheka kidogo, bila ubaya, kisha akafunika kopo, nami nikajua anafikiri juu ya ghala. "Kule nataka mtu atakayeniambia dawa imeharibika kabla sijamwuliza," alisema. "Wakubwa wa Unguja wana mtu wao wa ghala. Nitawakubalia."

Nilisema ahsante, sijui kwa nini.

Nyumbani mke wangu aliipitisha puani mara mbili biri moja niliyorudi nayo. "Karafuu iko wapi hapa? Huyo dakta wenu ana mafua." Nikacheka, kisha nikavua viatu, na kuvivua kulikuwa kazi.

Mtunza ghala mpya alifika mvua za vuli zilipokwisha, mtu wa makamo kama mimi, mpole. Nilisimama naye asubuhi nzima nikimwonyesha kila rafu na kilichomo, yeye ameketi anaandika. Adhuhuri nikarudi chumba cha vidonda. Wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka nje.