Jembe Likiwa Juu

Siku moja ya kiangazi naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na babu yako asinisikie nikisema hivyo. Nilikuwa binti, nikicheza mbina, ile ngoma yetu ya majembe, hapa hapa Mhunze. Mavuno yalikuwa yameshaingia ndani, na kiangazi kwetu ndio wakati wa kushindana.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu jana nilikuona nyuma ya jiko na ile simu yako. Wenzako wa Chato wanaogelea ziwani, wa Katoro wako juu ya bodaboda mpya wanacheka, na wewe likizo hii uko hapa na bibi yako, uso umeukunja kama uliyenyweshwa mwarobaini. Ukasema, "Bibi, ni mimi tu ninayepitwa." Ehe! Basi kaa hapo, maana hayo ya kupitwa nayajua mimi.

Mbina unajua inavyoshindaniwa. Makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja, hawa huku na wale kule. Watazamaji hawafungwi kamba, wanakimbilia kunakowafurahisha, na filimbi ya mwisho ikilia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Sisi tulikuwa tumeshindwa miaka miwili mfululizo. Manju wetu, Mzee Masunga, aliyetunga nyimbo zetu zote, alikuwa ametuambia wazi kwamba tukishindwa tena anatundika ngoma na kundi linavunjika. Na kundi lile halikuwa la kucheza tu, ndilo lililokuwa likilimiana mashamba. Mama yangu alikuwa mjane. Bila majembe yale, shamba lake lingebaki pori.

Basi tunacheza, watu wamejaa upande wetu, nami nimerusha jembe juu lizunguke nilidake. Mara upande wa pili likapigwa yowe. Loo, yowe gani lile! Moyo ukaniambia, Kabula, kule kuna jambo na wewe uko huku. Nikageuka. Jembe likaanguka puu, vumbi likatimka. Watu waliponiona nimegeuka, wakageuka nao, kisha wakatimua mbio kwenda kule kule nilikotazama.

Mzee Masunga akanisogelea, ngoma zikiendelea kulia.

"Kabula, kule kuna nini?"

"Sijui, baba."

"Hujui, na jembe umelitupa! Mchezaji akitazama kwingine, anawaambia watu kwamba kwake hakuna kitu."

Nililia, sikufichi. Nikatazama waliobaki: vikongwe wachache, na baba mmoja aliyekuwa ameinama akiunga mnyororo wa baiskeli yake uliokatika, la sivyo angekwenda na yeye. Mzee Masunga akawanyooshea mkono. "Hao ndio watu wetu leo," akasema. "Wachezeeni hao."

Tukawachezea, mwanangu! Tukawachezea vikongwe wale kana kwamba ndio nchi nzima. Nikarusha jembe, nikalidaka. Nikarusha tena, nikalidaka mgongoni. Vikongwe wakapiga vigelegele, mmoja akatupa mkongojo akaingia kati kucheza, na yule wa baiskeli akawa anashangilia hadi sauti ikamkauka. Kule wakasikia. Wakaanza kuchungulia mmoja mmoja, kisha wakaja wakikanyagana, wanaogopa kupitwa na ya kwetu! Yowe likapigwa tena upande wa pili. Sikugeuka. Filimbi ilipolia, huku kwetu hapakuwa na pa kuweka mguu. Tulishinda! Mzee Masunga alilia kama mtoto akisema wabeja, wabeja, asanteni wanangu. Msimu uliofuata shamba la mama lililimwa hadi mpakani, na kundi lile ndilo hilo unalochezea wewe leo.

Kesho yake nikauliza yale mayowe yalikuwa ya nini. Kumbe walikuwa na chatu kwenye sanduku. Walifunua kifuniko watu wakapiga mayowe, na chatu mwenyewe amelala fofofo. Watu wazima walikimbia mbio zote zile kumtazama nyoka akisinzia!

Sasa nisikilize, mwanangu. Simu yako inakuletea yowe, haikuonyeshi chatu aliyelala. Sikuambii uitupe, macho hayana pazia na ujana ni ujana. Nakuambia usiache mbachao kwa msala upitao. Kiangazi hiki umepewa Mhunze, umepewa kundi, na umepewa bibi mwenye mdomo mrefu. Wachezee waliokuja kwako, hata wakiwa wachache, na ufurahi kwa moyo wako wote. Raha yako usipoitazama wewe, nani ataitazama?

Jumamosi mkiingia uwanjani kushindana nitakuwa mbele kabisa, na vigelegele vyangu bado vizima, utavisikia. Mungu akupe macho ya kuona kilicho chako na mikono ya kukidaka. Jembe likiwa juu, mjukuu wangu, tazama jembe.