Kufuli Mbili Mlangoni Kwangu

Watu wa Kasongo wanapenda kusimulia jinsi Wakristo na Waislamu walivyoungana wakanijengea nyumba. Huwa nawasikiliza, nanyamaza. Leo sinyamazi.

Mume wangu alifia kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa Salamabila. Hata kilio hakijaisha, karani wa kampuni akatutoa katika nyumba ya kambi, kwa kuwa nyumba ni ya mfanyakazi na mfanyakazi hayupo tena. Kwetu Kabambare, shemeji yangu akasema nitapata pa kulala nikikubali anirithi. Nikamwambia afadhali nilale na mbuzi. Nikamfunga binti yangu mgongoni, nikaenda kwa miguu mpaka Kasongo, tukawa tunalala sokoni, chini ya kibanda cha wauza chumvi. Mtoto alikuwa na kifua kibovu, na kiangazi kilikuwa kinaisha. Nilitaka ukuta na moto kabla ya mvua, basi.

Wamama wa misioni waliniona na rozari yangu shingoni, wakanihurumia. Wakawaendea na watu wa msikiti, kwa sababu marehemu alikuwa Mwislamu. Sitasema uongo, walifanya kazi. Wa misioni walisimamisha fito na kukandika udongo, wa msikiti walikata nyasi wakaezeka. Walikula bugali kwenye sahani moja. Mzungu wa teritwari, mtawala wa wilaya yetu, alipita akawasifu. Mimi nilichota maji ya udongo mpaka viganja vikachubuka, na usiku niliwaombea wote.

Nyumba ikaisha, ukabaki moto. Kwetu nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Aliyekujengea ndiye anayekuletea moto wa kwanza kutoka jikoni kwake, na tangu hapo wewe ni mtu wake, furaha yako na kilio chako vinaanzia kwake. Ni desturi nzuri, mjenzi akiwa mmoja. Katekista akasema huyu mama amebatizwa, moto utatoka misioni. Mzee wa msikiti akasema ni mjane wa ndugu yao, na mtoto ni wao. Katekista akatia kufuli mlangoni, mtu asije akaingiza moto kwa siri. Kesho yake mzee naye akatia ya kwake.

Kufuli mbili, jamani, na ndani hamna hata panya wa kuiba!

Nilikwenda kwa katekista, akaniambia nivumilie, wanazungumza. Nikaenda kwa mzee, akanipa mchele kidogo, naye akasema wanazungumza. Walizungumza kweli, kwa adabu nyingi, barazani pakavu. Mvua ya kwanza ikatukuta chini ya kibanda cha chumvi. Ilinyesha tangu alfajiri, na binti yangu akaanza kuhema vibaya, mbavu zinaingia ndani. Nikachukua kijinga cha moto kutoka kwenye mafiga yangu ya pale sokoni, nikambeba mtoto, nikaenda kusimama mbele ya mlango ule. Majirani wakawaita wenye kufuli. Wakaja wote wawili, kila mmoja na ufunguo wake.

"Fungueni," nikasema. "Mutoto iko anakufa."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa ufunguo.

"Moto huo iko wa nani?" mzee akauliza.

"Wangu."

"Mama, hivyo utatuharibia kazi," katekista akasema, kwa upole kabisa.

Kijinga kikanizimikia mkononi. Wakaniomba nirudi sokoni nijisitiri kidogo wakati wanalimaliza jambo hili. Jambo likaisha jioni. Wakaja mpaka kwenye kibanda, wamefurahi, kunieleza kwamba moto utaletwa na pande zote mbili kwa pamoja. Nikawageuzia mgongo, wamwone mtoto. Alikuwa ameshapoa.

Hapo hawakuvutana tena. Kufuli zote zikafunguliwa ili maiti ilazwe ndani. Akaja wa misioni na kijinga chake, akaja wa msikiti na chake, wakaviweka pamoja katikati ya chumba, wakapuliza mpaka moto ukashika kuni. Ukuta mbichi ukaanza kutoa mvuke.

Nilikaa kando ya mkeka wa binti yangu. Chumba kilikuwa na joto zuri, lile lile nililolitaka, na watu wa pande zote mbili walikuwa wakiniambia pole.