Laini ya Wiki Tatu

Mizani ya bucha ikianza kudanganya, au ya kliniki ikidai kwamba mtoto wa miezi sita ana uzito wa gunia, aliyeitwa alikuwa yeye. Jina alilopewa na wazazi wake walilijua wachache. Mtaa mzima ulimwita Fundi Mizani, na hata baba yake, aliyemfundisha kazi hiyo, alimwita Fundi tu, kwa sauti ya mtu anayejisifu kupitia mwanawe.

Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu kwa miaka mitatu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo, nusu saa na kazi imekwisha. Mzee aligoma. Alisema hajawahi kuona saa mbovu ikifunguliwa ikarudi na vyuma vyake vyote, sembuse jicho. Iliwachukua watoto wake mwaka mzima kumbembeleza, na alipokubali, akapangiwa Jumanne. Wiki hiyo hiyo kampuni aliyoifanyia kazi ikamtuma Fundi nchi za watu, kwa kozi ya wiki tatu ya mizani mpya za umeme.

"Niahirishe safari?" aliuliza.

"Usiahirishe chochote," mzee alisema. "Nipigie tu kabla sijaingia. Nikisikia sauti yako, naingia. Nisipoisikia, nageuza."

"Baba, si mimi nitakuwepo?" mdogo wake Fundi akadakia, dada wa mwisho nyumbani hapo.

"Wewe utalia."

Dada hakubisha, maana ni kweli angelia.

Fundi alifika Jumapili mchana. Laini yake ya nyumbani ilikata roho pale pale uwanja wa ndege. Kibanda cha kuuza laini kilikuwa wazi, lakini muuzaji hakuwepo, na baada ya robo saa ya kusimama na begi begani akaondoka. Hakuwa na wasiwasi. Jumanne ilikuwa mbali, na laini ya simu si kitu cha kumsumbua mtu mzima mwenye pasipoti.

Kule hosteli aliambiwa intaneti ni ya bure. Akafurahi. Akabonyeza, nayo ikamwomba aweke namba ya simu ya nchi ile ili itumiwe msimbo wa kuingilia.

"Sasa mtu ambaye hana namba?" alimuuliza mama wa mapokezi.

"Anunue laini," mama alijibu. Akachukua na pasipoti yake, ipelekwe kugongwa muhuri wa wageni.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, alikimbia mpaka duka la simu lililokuwa mitaa miwili kutoka chuoni. Alichukua namba ya foleni, mia moja na arobaini na moja. Kwenye kioo waliitwa mia moja na ishirini na tisa. Alipofika kaunta, dada aliyekaa pale, miwani kaipandisha kichwani, alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Pasipoti."

"Iko hosteli. Inagongwa muhuri."

"Ikishagongwa, uje nayo."

Waliongea lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, kila mmoja akiivuta upande wake. Fundi alieleza habari ya baba yake. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akabonyeza kitufe na namba ya mtu mwingine ikaitwa.

Alirudi saa kumi na moja jioni, pasipoti mkononi, jasho mgongoni. Foleni ilikuwa fupi. Dada yule yule akachukua pasipoti, akaanza kuandika, akaacha.

"Jina la ukoo liko wapi?"

"Sina. Kwetu nina jina langu na la baba yangu. Yote mawili hayo hapo, mstari mmoja."

"Huu mstari wa chini hauna kitu."

"Ndiyo. Hauna kitu kwa sababu sina."

"Mfumo unataka kitu." Akamgeuzia kompyuta aone. Kisanduku kilikuwa chekundu. Akaandika jina la baba pale; mfumo ukasema halilingani na pasipoti. Akaweka kistari, mfumo ukasema kistari si jina. Akaenda kumtafuta msimamizi, akarudi akisema msimamizi ameshaondoka, na sasa hivi wanafunga.

Fundi alikuwa mtu mpole. Kazi yake ilimtaka akae na mizani moja asubuhi nzima, akiongeza na kupunguza mpaka sindano itulie. Lakini jioni ile alipiga kaunta kwa kiganja, mpaka mlinzi akamsogelea.

"Nimeishi miaka arobaini na sita na jina hili!" alisema. "Nimeoa nalo! Mpaka mpakani kwenu nimepita nalo! Leo halitoshi kununua kikaratasi cha simu?"

Mlinzi alimwonyesha mlango kwa adabu.

Kule hosteli alimwomba mwenzake wa chumba, fundi wa mizani za bandarini kutoka nchi nyingine, amwazime simu. Mwenzake akampa bila kusita. Fundi akapiga namba ya dada yake. Mama mmoja wa kwenye mashine akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kifurushi hicho hakipigi nje ya nchi. Mwenzake akampa na intaneti ya simu hiyo, lakini dada yake alikuwa na simu ya batani, isiyojua habari za intaneti. Mkewe, mwenye simu kubwa, alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba, huko ambako mawimbi ya simu huyapata ukipanda mlima. Alimtumia ujumbe. Ujumbe ukabaki na alama moja ya kijivu, haujamfikia.

Jumanne hakwenda darasani. Saa mbili kamili alikuwa mlangoni pa duka, wa kwanza. Saa nne asubuhi za nyumbani, wakati wa mzee kuingia chumba cha upasuaji, zilikuwa saa sita mchana za huku. Saa nne nzima mkononi. Alijiambia kwamba hata mfumo uwe na roho mbaya namna gani, saa nne zinatosha.

Msimamizi alifika saa tatu na nusu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na tatizo lenyewe alilimaliza kwa dakika mbili. Pale penye jina la ukoo aliandika neno la lugha yao lenye maana ya "hakuna". Kisanduku kikageuka kijani.

"Umeona? Rahisi," alisema.

Fundi akaambiwa athibitishe kwa alama za vidole. Aliweka vidole kwenye kioo cha alama. Kidole gumba hakikusomeka, maana miaka ya tupa na msasa ilikuwa imekilamba mistari yote. Wakajaribu cha shahada, wakajaribu mkono wa kushoto, mwisho kidole cha kati kikakubali. Laini ikatoka, ikachomekwa, simu ikalia. Ujumbe wa kwanza ulisema: Karibu, Bwana Hakuna. Wa pili ulisema kwamba laini yake itaanza kufanya kazi ndani ya saa ishirini na nne.

"Ndani ya saa ngapi?"

"Mara nyingi huwa ni mapema," dada wa kaunta alisema, na safari hii alimtazama usoni. "Mara nyingi."

Akakaa kwenye kiti cha duka, simu kifuani. Akaizima, akaiwasha. Saa tano. Saa tano na nusu. Aliomba atumie simu ya duka; ikawa ni ya ndani tu. Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, aliyeona mgeni huyu akitikisa simu kama anayetikisa chupa ya dawa, akampa ya kwake bila kuulizwa. Fundi akabonyeza namba. Huduma ya kupiga nje ya nchi haikuwa imewashwa. Bibi akasikitika, akamshika bega, akaitwa kaunta.

Saa sita ikafika. Ikapita. Fundi aliwaza mzee amekaa kwenye benchi la hospitali, kichwa kakiinamisha, sikio likisubiri simu ilie. Machozi yakamlenga, ya hasira zaidi kuliko huzuni, akatoka nje asionekane.

Laini iliamka saa tisa alasiri, yenyewe, bila kuomba radhi. Alipiga. Akakosea msimbo wa nchi, akapiga tena. Dada yake akapokea.

"Kaka! Ulikuwa wapi wewe?"

"Ameingia?"

"Ameingia wapi! Amekataa kata kata. Walikuwa wameshamvalisha lile gauni la kijani. Nikamwambia kaka atapiga tu. Daktari akamwambia. Nesi akajaribu kuigiza sauti yako, ndiyo akaharibu kabisa. Mzee kavua gauni, katoka. Daktari wa macho haji mpaka Jumanne ijayo."

"Mpe simu."

Simu ikahama mkono. Pumzi nzito zikasikika.

"Fundi."

"Baba, nisamehe. Nimehangaika na laini tangu jana. Mfumo wao..."

"Mfumo ndiye nani?"

Fundi akapandwa na hasira. Akasema, kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa baba yake, kwamba mtu mzima anaweza kuingia chumba cha daktari bila kushikwa mkono.

 Mzee akasema taratibu, "Nilishindwa, mwanangu. Miguu ilikataa. Usidhani nilikuwa naringa."

Hasira zote zikamwishia Fundi pale barabarani. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mzee akisema ameshindwa na kitu.

Wiki ile alimpigia kila siku wakati wa mapumziko. Hawakuzungumza habari ya macho. Walizungumza mizani: mzee alitaka kujua hizo za umeme zinapimaje bila mawe wala sindano, naye akaeleza, mzee akibisha, wakagombana vizuri. Jumanne ya pili alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama kwenye korido ya chuo, akapiga nusu saa kabla ya wakati.

"Niko hapa, baba."

"Nakusikia. Sema kitu."

Akamsimulia mizani waliyoifungua jana, waya zake, sahani yake, jinsi mwalimu mwenyewe alivyoikosea. Aliongea bila kituo, asije akampa mzee nafasi ya kufikiri. Alikuwa amefika kwenye skrubu ya tatu, sauti ya mwanamke ilipomkatiza.

"Kaka, unaongea na mimi, nesi. Mzee ameshaingia zamani. Ameniachia simu, akasema nisikate mpaka umalize."

Fundi akaegemea ukuta. Akamwambia basi, amemaliza, asante sana.

Kesho yake dada yake alimpigia akilia, kama ilivyotarajiwa, akasema mzee amefunguliwa kitambaa, amesoma herufi zote za ukutani mpaka mstari wa pili kutoka chini, na sasa analalamika kwamba rangi ya hospitali ni mbaya.