Ramani ya Uyoga ya Zálesná

Bohumil Hnilica alifunga na kufungua vizuizi vya reli pale kituo cha Zálesná kwa miaka thelathini na minane, na hakuna treni iliyowahi kugonga hata kuku. Akikwambia mvua inakuja, anua nguo. Lakini muulize alikookota uyoga, na mdomo ule ule utakudanganya bila kope kutikisika. Kwetu hilo halikuhesabiwa uongo. Lilikuwa adabu, kama kuvua kofia mezani.

Mahali pake alionyeshwa na baba yake siku moja kabla ya harusi, kwa sharti kwamba mke asiambiwe. Vlasta, mkewe, amemzalia watoto watatu na kumuuguza nimonia mara mbili, na mpaka leo hajaambiwa. Kila msimu Bohumil alitoka saa kumi na moja alfajiri akielekea kusini, hali mahali penyewe pako kaskazini. Alizunguka kilima, akakaa juu ya kisiki akitafuna mkate na mafuta ya nguruwe mpaka ahakikishe hafuatwi, ndipo akageuza. Kila uyoga aliukata kwa kisu kidogo, akaziba jeraha la ardhi kwa kuvumwani, ule uoto laini wa chini ya miti, na kikapu akakifunika kwa majani ya kangaga. Uyoga ule haukuuzwa. Ulianikwa juu ya jiko, ukangoja mkesha wa Krismasi uokwe pamoja na shayiri na kitunguu saumu, na nyumba nzima ikanukia msitu.

Siku hizi watu hawali uyoga, wanautazama. Majani yakianza kupukutika wanateremka kutoka mjini na makoti ya rangi za kasuku, kiongozi mbele, simu mikononi. Wanalala kifudifudi kuupiga picha, wanausifu kama mtoto mchanga, kisha wanauachia konokono. Nao ndio wanaoitwa wapenzi wa misitu.

Kwa ajili yao, mwaka ule wadudu wa magome walipoivamia misonobari yetu, idara ya misitu ilimtuma mhandisi Ivana Trnková. Aliwakusanya wazee katika baa na kutandika ramani kubwa juu ya meza.

"Miti iliyokufa na iliyo jirani nayo tutaikata yote," akasema. "Lakini uyoga hauishi bila mizizi ya mti ulio hai, na wageni wanataka matembezi. Kwa hiyo kila mmoja wenu achore duara pale anapookota. Ndani ya duara hatutagusa hata tawi."

Bilauri zikatua mezani. Hata bia iliacha kutoa povu.

"Achore hapa? Mbele za watu?" akauliza Bohumil.

"Bwana Hnilica, nisipopajua nitapaokoaje?"

Usiku wa kuamkia siku ile, habari kwamba mhandisi atauliza mahali pa uyoga zikiwa zimeshafika kijijini, Vlasta alikuwa amemwambia, "Mwonyeshe mama wa watu pale mahali."

"Mahali gani?"

"Hapo usipokwendaga."

Sasa alishika kalamu. Akionyesha kweli, mahali pa baba yake patapona, na kesho yake alfajiri Jarmila Vondrová atakuwa amepiga magoti pale. Jarmila, mjane aliyekuwa karani wa posta, alisoma barua za kijiji kizima kwa kuzipitisha kwenye mvuke wa birika, na kwa uyoga hakuwa na huruma. Alikuwa ameketi mkabala naye, shingo ameirefusha kama bata bukini.

"Mbona kalamu imekwama, Bohumil? Unaandika wosia?"

"Natafuta miwani."

"Iko puani kwako, baba."

Watu wakacheka. Bohumil akawaza: upande wa kaskazini ni mkubwa, na hawa wapumbavu ni wengi. Lazima mmoja wao atasema kweli, na duara lake litafunika na pangu. Akachora duara lake kwenye kinamasi nyuma ya kiwanda kibovu cha matofali, kunakoota mbu tu. Akampa Jarmila kalamu. Jarmila akachora nyuma ya makaburi, penye upupu na mashada yaliyooza. Aliyefuata akachora kwenye jalala la zamani. Mwingine, kwa haraka ya kuficha, akachora katikati ya bwawa la samaki.

Mhandisi aliitazama ramani muda mrefu. "Uyoga wa huku unapenda matope namna hii?"

"Wa kienyeji huo, dada," akasema Jarmila. "Hauna makuu."

Wazee kumi na mmoja wakaitikia kwa vichwa. Sijui kijiji kingine ambacho kingepewa nafasi ya kuokoa mali yake kwa tone moja la wino, nacho kikakaa kikipongezana kwa werevu.

Mashine zilikuja wakati wa theluji. Mhandisi alitimiza ahadi yake kwa uaminifu ambao hatukuustahili: kinamasi hakikuguswa, upupu haukuguswa, na kuzunguka bwawa waliweka uzio na kibao chenye picha ya uyoga. Kaskazini yote ilikatwa kwa siku tisa.

Mwezi wa tisa wageni walikuja. Bohumil aliwaona kwa mbali, wamezama matopeni hadi vifundoni kwenye duara lake, kiongozi akiwaeleza kwamba uyoga wa hapa ni wenye haya sana. Hakucheka. Alipanda kaskazini.

Hapakuwa na mahali. Palikuwa na visiki, nyasi ndefu na miiba. Alihesabu hatua kutoka kwenye jiwe la mpaka kama baba yake alivyomfundisha, na hatua ya mwisho ikamkuta Jarmila Vondrová amesimama hapo hapo, kikapu mkononi, kisu wazi.

Jarmila akakisogeza kikapu nyuma ya mgongo.

"Napita tu," akasema Jarmila.

"Na mimi."

"Namtafuta mbwa wangu. Amepotea."

"Jarmila, wewe huna mbwa."

"Ndiyo maana simpati."

Bohumil alikiangalia kisu, akaiangalia ardhi. Miaka arobaini, kila uyoga ulipopungua, alikuwa amewalaumu kulungu. Angeweza kumwaibisha pale pale. Badala yake akavua kofia.

"Ni wa namna gani huyo mbwa?"

Jarmila akatua kikapu chini. "Mfupi. Shingo nene, nyeupe. Kichwani kahawia, kama mkate uliotoka jikoni."

"Nilikuwa nikimwona hapa," akasema Bohumil. "Yeye na ndugu zake."

"Kumi na wanne, mwaka ule wa mvua."

"Kumi na sita. Wawili nilikutangulia kuwapata."

"Mwizi mkubwa we!" akasema Jarmila.

Bohumil akatia vidole mdomoni akapiga mluzi. Jarmila naye akaita jina, la kwanza lililomjia. Wakamtafuta mbwa yule kati ya visiki, mmoja huku na mwingine kule, hadi saa nne asubuhi.