Chupa ya Maji ya Tanga

Sijui kama mambo haya yanastahili daftari. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, na kumbukumbu yangu nayo ina matundu. Lakini siku ile nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa pande zote mbili.

Aliyetaka kumwoa dada yangu, hapa kwetu Iyula, alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga. Dada alishampenda, hilo hakulificha. Kwa desturi yetu mchumba hasemezani na baba mkwe. Basi yeye alikaa nje ya mlango, baba ndani, mimi kizingitini nikipeleka maneno, ingawa walisikiana vizuri kabisa.

Kosa lake lilikuwa moja. Wakati wa kuchuma kahawa aliwasimulia watu kwamba bahari ni maji ya chumvi, hayanyweki, wala ng'ambo yake haionekani. Habari zikamfikia baba.

"Mwambie binti yangu simpi mwongo," baba alisema. "Mito yote ina maji matamu. Ukimimina maji matamu mtungini kila siku, utakuja kuteka ya chumvi?"

Nimtendee haki baba, hakuwa mjinga. Alikuwa akishuka kwa miguu hadi Mbangala, upande wa Ziwa Rukwa, na ziwa hilo alilijua. Maji yake yana ladha ya magadi, lakini ng'ombe wanakunywa. Kwake hapakuwa na maji mabaya kuliko hayo.

Mchumba akanipa chupa ya maji aliyoyateka baharini huko Tanga. Baba akaonja, akatemea miguu yangu.

"Ametia chumvi!"

"Anasema umetia chumvi," nikapeleka.

"Nimesikia. Muulize mzee, chumvi ilivyo adimu, nani amwage konzi nzima chupani ili aitwe mwongo mara ya pili?"

Dada akacheka huko jikoni. Baba hakucheka. Mimi niliona ni jibu zuri, ila halikuthibitisha kitu. Nikalipeleka hivyo hivyo, na sijui kama nilifanya vyema.

Ndipo mama akaichukua chupa. Tangu usichana wake mama alitengeneza chumvi: alichoma majani ya bondeni, akachuja majivu kwa maji katika chungu chenye matundu, kisha akachemsha hadi maji yakauke. Haya ya Tanga akayachemsha vivyo hivyo. Chunguni pakabaki unga mweupe. Akaulamba, akafumba macho, akaulamba tena.

"Hii si ya dukani. Si ya majani. Wala si ile ya chemchemi za kule Rukwa. Ina uchungu mwishoni. Baba watoto, ulimi wangu haujawahi kukutana nayo."

Kwa mambo ya chumvi hakuna aliyebishana na mama.

"Tena mbona rahisi?" akaendelea. "Mito inachuja udongo kama ninavyochuja majivu. Jua linakausha maji, chumvi inabaki baharini."

Baba akakuna kichwa, akalamba kidogo.

"Muulize, ng'ombe wa huko wanakunywa nini?"

"Maji ya visima na mito, mzee."

"Aa! Kumbe hata wao wanaishi kwa maji kama yetu!" Sasa akacheka. "Mwambie aje na wazee wake. Ila asinisimulie tena ng'ambo isiyoonekana. Hiyo mama yako hawezi kuichemsha."