Safari ya Venisi

Juzi binamu yangu alinitumia picha ya Venisi, njiwa wamejaa uwanjani, nikamkumbuka bibi wa Kiitaliano ambaye mama alimfanyia usafi kwenye ghorofa moja ya South Beach, mtaa wa ufukweni kule ughaibuni tulikohamia nikiwa mtoto.

Mchana mmoja mama alinichukua kazini; chumba kilinukia kahawa na nta ya sakafu. Bibi alikuwa akipanga nguo sandukuni.

"Kesho nakwenda kwetu Venisi," aliniambia. "Nitapanda mashua mferejini, nitawalisha njiwa, nitakunywa kahawa nimesimama kama zamani."

"Lakini bibi, hata wiki jana ulisema kesho."

Mikono yake ilisimama. Akamgeukia mama. "Ni kweli?"

"Eish, usimsikilize mtoto," mama alisema. "Kesho unasafiri. Nguo nimeshazipiga pasi."

Bibi alipolala, mama alizirudisha nguo zote kabatini. Sikujua bado kwamba uzee unaweza kumla mtu kumbukumbu. Kwenye lifti nililia kwa kufanywa mwongo. Mama naye alilia, nikadhani nimemkosesha kazi. Leo najua alikuwa akipatamani kwao Bujumbura, ambapo hapakuwa tena na mtu wa kumfungulia mlango.